Mvinyo wetu umechacha?

SWALI: Ndugu Mhariri, katika sherehe ya kipaimara cha binti yangu, shemeji yangu anayeishi Ufaransa alituletea chupa mbili za mvinyo mweupe zilizoandikwa Muscadet Sèvre et Maine. Tulifungua moja mara baada ya kukata keki, na wageni wakakunja uso kwa ukali wake, ingawa haukuwa na harufu mbaya. Mimi nimezoea mvinyo mtamu wa Dodoma. Je, umechacha, na hii chupa iliyobaki niimwage?
Mama M., Moshi

JIBU: Tafadhali usiimwage, Mama M. Mvinyo uliochacha hunuka siki, na ulioharibiwa na kizibo hunuka kama boksi lililolowa; wako haukuwa na dalili hizo. Ukali ule ndio tabia yake. Huitwa mvinyo mkavu kwa sababu hamira imekula karibu sukari yote ya zabibu, hata inayobaki haifiki gramu 4 kwa lita, na hivyo asidi ya zabibu haina cha kuifunika. Kilichouponza ni keki: ulimi uliotoka kwenye sukari nyingi huukuta mvinyo wa namna hii mkali maradufu, kama chai ya rangi isiyo na sukari inavyozidi uchungu baada ya kutafuna kashata.

Mvinyo huu hutoka karibu na mji wa Nantes, mahali mto Loire unapokaribia bahari ya Atlantiki. Sèvre na Maine ni mito midogo ya eneo hilo. Wengi hudhani jina lake linatokana na zabibu za Muscat, lakini zabibu yake ni Melon de Bourgogne, iliyoenea huko baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuua mizabibu mingi, kwa kuwa yenyewe huvumilia baridi. Tazama pia kama lebo ina maneno sur lie, yaani mvinyo ulilala kipindi chote cha baridi juu ya mashapo ya hamira yake kabla ya kutiwa chupani. Mashapo hayo huupa ladha inayokaribia ya mkate, na mara nyingi utahisi kitu kikichomachoma kidogo kwenye ncha ya ulimi. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo uzuri wake.

Iweke chupa kwenye friji mpaka ipoe vizuri, nyuzi 8 hadi 10 hivi. Wenyeji wa Nantes huunywa pamoja na chaza. Wewe mkaange perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, umtie chumvi ya kutosha, na ndimu uiache, kwa sababu mvinyo wenyewe utafanya kazi hiyo. Kula kwanza tonge la samaki, ndipo unywe funda dogo ulizungushe mdomoni: mafuta yatakatika, na ule ukali uliowakunjisha wageni uso utauona umegeuka kuwa chumvichumvi na ubaridi wa ndimu. Ikibaki, ifunge na kuirudisha kwenye friji, uimalize ndani ya siku mbili au tatu.