Jibu: Koma katikati ya mshororo

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kwa nini wanafunzi wako hutia koma ovyo wanapotunga tarbia, yaani shairi lenye mishororo (mistari) minne kila ubeti. Mara nyingi hawajahesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo. Wapige kofi kwa kila silabi: 8, koma, kisha 8 nyingine. Koma hiyo hutenganisha ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) na utao (nusu ya pili), nayo hukaa mara tu baada ya kina cha kati, yaani silabi ya mwisho ya ukwapi inayofanana katika mishororo. Ikiangukia katikati ya neno, kasoro ni ya mshororo. Kuhamisha koma hakusaidii, mwanafunzi autunge upya.

Wengi hukwama kwenye m: "mtu" ni mizani 2, kwa kuwa m ni silabi peke yake, na "mbegu" pia ni 2, kwa kuwa m yake imeungana na b. Hili lifundishe taratibu, kwa mifano mingi. Alama ya kuuliza na ya mshangao zifuate maana tu.