Bwati ya transferi ku kamyo: usifunge uzito tu, funga ile nguvu ya kuzunguka

Wadogo zangu wenye munaanza kazi mu magaraji ya Goma, mbele ya kushika ufunguo mujue kitu kimoja: bwati ya transferi, ile yenye kugawa nguvu ya moteri kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, haipasuke juu ya uzito wake. Uzito ni kazi rahisi, hata chuma cha pembe kinaubeba. Chenye kinaipasua ni nguvu ya kuzunguka, na watu wengi wanapofunga bwati hawaiwaze hiyo nguvu hata kidogo.

Naongelea bwati yenye kukaa peke yake mu shasi, na kardani fupi (ule mti wa chuma wenye kuzunguka) inaiunganisha na bwati ya vitesi, kama ku Suzuki Samurai ao ku kamyo nyingi za zamani. Tuseme moteri inatoa nyutoni-mita 280 (kipimo cha nguvu ya kuzunguka), vitesi ya kwanza inazidisha mara 4, sasa kwenye transferi inaingia 1120. Ukitia 4L (vitesi fupi ya transferi, ya magurudumu yote ine) yenye kuzidisha mara 2, inatoka 2240. Ile tofauti ya 1120 inaenda wapi? Inashikwa na mwili wa bwati na mikono (vyuma vya kuishika ku shasi) yenye umetengeneza, hakuna kwingine. Lakini mu vitesi ndefu ya transferi, kama haizidishe kitu, yenye inaingia na yenye inatoka ni sawa, kwa hiyo bwati inapumuzika. Njo maana mwenye kamyo anatoka hapa mupaka Sake anakuambia kazi iko safi, halafu anapanda Masisi mu matope na muzigo wa viazi, anatia 4L, na bwati inaruka.

Kwa hiyo mukono wa kuzuia kuzunguka uufanye murefu. Ukiuweka sentimita 20 tu toka katikati ya bwati, ncha yake inavutwa na karibu kilo 570. Ukienda sentimita 40 inabakia karibu 285. Ni chuma kile kile, buloni zile zile, lakini umepunguza mateso nusu. Na ushike pande mbili, kwenda juu na kwenda chini, kwa sababu ukipiga nyuma ao ukishuka mulima na freni ya moteri ile nguvu inageuka. Nimeona mikono mingi yenye inasukuma vizuri lakini haijue kuvuta.

Kitu cha pili ni kauchu. Barabara zetu za mawe ya volkano Nyiragongo zinakunja shasi kama mutu anakamua nguo, gurudumu moja iko juu ya jiwe na ingine mu shimo. Ukifunga bwati kwa pembe nne, chuma kwa chuma, kila jiwe linavuta masikio ya bwati mupaka yanakatika. Weka pointi tatu, zote na silenbloki (kauchu yenye chuma ndani). Meza ya miguu tatu haichezi, si mumeiona?

Traversi, kile chuma cha kuvuka shasi chini ya bwati, uifunge ku ubavu wa shasi na buloni zenye kuandikwa 8.8 ao 10.9 ku kichwa (alama ya nguvu ya chuma). Usitoboe ule upande wa juu wala wa chini wa shasi, na usipige sudire pale, kwa sababu pale njo shasi inabeba nguvu yake yote na ufa unaanzia hapo. Kama lazima upige sudire karibu, toa bateri kwanza. Hii siwezi kuichoka kuisema.

Kardani fupi nayo ina mambo yake. Forke (zile panda za ku ncha zake) za pande mbili ziangalie sawa, angle za mbele na nyuma zilingane, na isikae nyoofu kabisa ku sifuri, iache digrii 1 ao 2 ili sindano za kruwaziyo (musalaba wa kardani) zizunguke, zikisimama pahali pamoja zinachimba. Na iwe na sehemu ya kuteleza, la sivyo shasi ikikunjika inasukuma roulema za bwati.

Ku Land Cruiser ni tofauti, transferi iko mu mugongo wa bwati ya vitesi, kwa hiyo nguvu inapita ku silenbloki za moteri na ile ya nyuma. Ukiachilia gazi na mukono wa vitesi unaruka, angalia zile kauchu mbele ya kufungua bwati.

Mukimaliza, mushofere aingie, freni ya mukono ikazwe, magurudumu yawekwe mawe, 4L, vitesi ya kwanza, aachilie ambreyaji pole pole. Wewe simama kando, si chini ya gari. Bwati ikicheza kidogo na kurudi ni sawa, ikizunguka na mukono ukipinda, rudi kazini. Fanya vile vile na vitesi ya nyuma. Halafu piga alama ya rangi ku kila buloni, na umwambie mwenye gari arudi kisha safari ya kwanza na muzigo, ukaze tena, uangalie mafuta ya bwati na kama kitundu chake cha kupumulia hakijaziba na matope.