Kumtambua jodari rangi ikishamtoka

Katika safari yangu ya kwanza ya bahari kuu nilikabidhiwa daftari la mavuno, nikawaandika samaki wanne waliopandishwa alfajiri kuwa ni jodari wa mapezi ya njano, kwa kuwa mapezi yao yalikuwa ya njano kweli. Mvuvi mmoja mzee hakunibishia. Alimpasua mmoja wao tumbo, akalitoa ini na kuligeuza, akanionyesha michirizi myembamba iliyotanda ukingoni kama mishipa ya jani. Ini la mapezi ya njano huwa laini, na kipande chake cha kulia ndicho kirefu. Lenye michirizi ni la jodari wa macho makubwa, ambaye mchana hushuka mamia ya mita kufuata chakula na usiku hupanda karibu na uso wa maji. Nikafuta mistari yote minne.

Kwa hiyo nawasihi mnaoanza msiitegemee rangi, kwani jodari anayeng'aa buluu na dhahabu akiwa majini hufifia muda mfupi baada ya kutua sitahani, nanyi mtabaki na umbo tu. Mapezi ya njano akikomaa hurefusha pezi la pili la mgongoni na lile la chini karibu na mkia mpaka yakapinda kama mundu. Macho makubwa ni mnene zaidi wa mwili. Shida hasa iko kwa wachanga wa aina hizi mbili, ambao hata wazoefu huwachanganya, na hapo ini ndilo hutoa ushahidi. Albakora hana utata: pezi lake la kifuani ni refu kupita kiasi, na nyama yake ni nyeupe kuliko ya wenzake. Sehewa mwenye mistari myeusi tumboni, ambaye ndiye hujaza makopo mengi ya jodari duniani, hutambulika kwa mistari hiyo na kwa udogo wake.

Kumjua samaki, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Jodari si kama samaki wengi; mwili wake huhifadhi joto linalozidi la maji, na kadiri anavyopigana na mshipi ndivyo joto hilo linavyopanda na asidi kujikusanya katika misuli. Akishapanda, mwueni mara moja kwa kumchoma ubongo, mkateni mishipa ya damu nyuma ya mapezi ya kifuani, mwondoeni matumbo na matamvua, kisha mzamisheni katika barafu iliyochanganywa na maji ya bahari, kwa sababu barafu tupu isiyo na maji humgusa hapa na pale tu. Mkichelewa, bakteria huzalisha histamini, sumu ambayo hakuna moto wa jikoni unaoiondoa.

Mimi niliwahi kujisifu kwamba nimeshindana na jodari mmoja kwa zaidi ya saa nzima. Bandarini mnunuzi alimkata kipande chembamba karibu na mkia, akakiinua kwenye mwanga. Nyama ilikuwa imepauka na kulegea, yenye majimaji, kana kwamba imeonja moto. Akamweka kwenye fungu la samaki wa kupikwa, si wa kuliwa wabichi, wala hakuniuliza nilimvuta kwa muda gani.