Geti langu lilioza kuanzia ndani

Geti la kwanza nililoweka nyumbani Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, halikufika hata miaka minne. Siku moja toroli la majani ya ng'ombe liligonga bomba la chini, bomba likatoboka kama boksi lililolowa. Rangi ya juu ilikuwa bado inang'aa. Ndani yalimwagika maji meusi na magamba ya kutu, kiasi cha kujaza kikombe.

Nililaumu rangi, nikakosea. Chuma kinaota kutu pale maji na hewa vinapokutana juu yake, na ndani ya bomba lile vyote viwili vilikuwepo mwaka mzima. Fundi alikuwa ameacha ncha za juu za bomba za mraba wazi. Mvua ikaingia huko juu, ikateremka, ikakaa chini isipate pa kutokea. Brashi haifiki humo.

Kwa hiyo geti la pili nilikaa na fundi tangu anakata vyuma. Kila ncha ya juu ilizibwa kwa kipande cha bati nene na kuchomelewa pande zote nne. Chini ya kila bomba tulitoboa tundu dogo, ili hata jasho la ndani lidondoke. Nguzo nazo hazikuzikwa kwenye udongo. Tulizisimamisha juu ya zege lenye mteremko kidogo, maana chuma kilichozama ardhini huliwa zaidi pale kinapotokeza, palipo na unyevu na hewa pamoja.

Kuna jambo la zinki ambalo wengi wetu hatuambiwi dukani. Bomba lenye zinki ni zuri kweli, kwa sababu zinki huliwa kwanza badala ya chuma, hata ukilikwaruza. Ila zinki huchemka kwa nyuzi 907 za Selsiasi, na chuma hakiyeyuki mpaka kizidi 1,400. Maana yake, kila unapochomelea, zinki ya hapo imeshapaa kama moshi mweupe. (Moshi huo ukivutwa huleta homa na baridi usiku, mwambie fundi wako achomelee nje, upepo ukiwa mgongoni.) Maungio hayo yanabaki uchi. Yasugue, kisha yapake rangi yenye unga wa zinki kabla ya kitu kingine chochote.

Kwenye kupaka, muda mwingi uende kwenye kusafisha. Chuma kipya kina ngozi ya kijivu-nyeusi ambayo inapendeza machoni lakini hubanduka baadaye na rangi yake. Toa hiyo kwa grenda au brashi ya waya, futa mafuta kwa kitambaa chenye thina, paka redioksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) siku hiyohiyo. Kutu ikibaki chini ya rangi haitulii: inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, hivyo inasukuma rangi juu mpaka inavimba na kupasuka.

Na usipake asubuhi. Kwetu huku mlimani, hasa Juni na Julai, chuma kinalala kwenye baridi na kinaamka na umande ambao huwezi kuuona mpaka ukipitisha kiganja. Fundi wa kwanza alipaka saa moja asubuhi ili awahi kazi nyingine Moshi mjini. Mimi sasa nasubiri saa nne, jua likiwa limekausha bomba hadi upande wa chini, na saa tisa tunaacha.

Geti hili la pili lina miaka tisa. Kila mwisho wa Februari, kabla masika hayajaanza, nachukua msumari nakwangua matope kwenye vile vitundu vya chini, naweka grisi kwenye bawaba, na pale toroli lilipokwaruza nasugua kwa msasa na kupaka tone la redioksaidi. Kazi yote inaisha kabla chai haijapoa.