Muhuri wa notari hauna kazi kwenye fomu yako ya I-130

Swali: Wakili, shikamoo. Naishi Dallas, nina kadi ya kijani, na najaza I-130 ili mke wangu aliye Dar es Salaam aweze kuja. Notari wa benki amekataa kunigongea muhuri kwa sababu leseni yangu ya udereva ya Texas imeisha muda. Nilimpa pasipoti yangu ya Tanzania, ambayo bado ni hai, akaikataa pia. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu anajiita "notari wa uhamiaji". Anasema atagonga bila kitambulisho na kujaza kila kitu kwa dola 600. Mimi nisaini fomu tupu tu, mengine nimwachie yeye. Nimfuate huyo, au nisubiri leseni mpya?

Jibu: Marahaba. Usimfuate, na kwa ajili ya I-130 huna haja ya kusubiri leseni. Fomu hiyo haigongwi muhuri wa notari. Wala I-485 (kuomba kadi ya kijani ukiwa Marekani), I-765 (kibali cha kazi), I-90 (kubadilisha kadi ya kijani) na N-400 (uraia) hazigongwi. Hata I-864, ile ya kumdhamini mtu kwa kipato, iliondolewa sharti hilo tangu mwaka 2006. Unaposaini fomu ya USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, unatamka, chini ya adhabu ya kusema uongo, kwamba yaliyomo ni kweli. Tamko hilo ndilo linalobeba uzito, na hakuna mtu wa tatu anayeliongezea chochote.

Wanachokagua ni saini yenyewe. Kwa fomu ya karatasi, saini kwa kalamu na kwa mkono wako. Unaweza kutuma nakala ya ukurasa uliousaini hivyo, lakini jina lililochapwa kwa kompyuta au saini ya muhuri wa mpira hurudishwa. Vyeti unatuma nakala za kawaida. Za asili zinabaki nyumbani hadi zitakapoitishwa au siku ya mahojiano ubalozini. Kadi ya kijani itoe nakala pande zote mbili, maana wengi husahau nyuma. Kama cheti cha ndoa kimeandikwa Kiswahili, kiambatanishwe na tafsiri nzima ya Kiingereza, na mtafsiri atamke kwa maandishi kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anaimudu kazi ya kutafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kisha aweke jina, saini, anwani na tarehe. Tafsiri nayo haihitaji muhuri. Mkeo ana fomu yake ya taarifa zake, I-130A: lazima ijazwe na kuambatanishwa, ila kwa kuwa yuko nje ya Marekani, saini yake si ya lazima.

Yule notari wa benki alikuwa sahihi. Sheria ya Texas inataka kitambulisho ambacho hakijaisha muda, kilichotolewa na serikali ya shirikisho au ya jimbo, chenye picha na saini. Pasipoti ya nchi ya kigeni inakubalika huko kwenye hati za nyumba ya makazi tu. Kadi ya kijani ni ya shirikisho na ina picha, lakini zilizotengenezwa kwa muundo wa 2017 na kuendelea hazionyeshi saini ya mwenye kadi, kwa hiyo nayo inakwama. Njia iliyobaki kwa asiye na kitambulisho ni shahidi mwaminifu, anayefahamiana na notari mwenyewe, aape kwamba anakujua. Na usifuate maelekezo ya ndugu au rafiki aliye jimbo jingine: California, kwa mfano, inapokea pasipoti hai ya kigeni, na inapokea hata leseni iliyoisha muda mradi ilitolewa ndani ya miaka 5, ila kadi ya kijani haimo kwenye orodha yao. Kila jimbo lina sheria yake.

Kwenye ombi lako notari anaweza kuhitajika sehemu moja, na hapo kitambulisho kinachotakiwa si chako. Mkiamua kuongeza viapo vya watu wanaoijua ndoa yenu, anayekwenda kwa notari ni huyo anayeapa, na asisaini nyumbani; anasaini mbele ya notari baada ya kuapishwa. Kiapo kitaje jina lake kamili, anwani, tarehe na mahali alipozaliwa, uhusiano wake nanyi, na ameyajuaje anayoyasema. "Nawafahamu, ni watu wazuri" haisaidii kitu. "Nilikuwapo kwenye nikah yao, na nimewatembelea walipokuwa wakiishi pamoja" inasaidia. Hata hicho, sheria ya shirikisho, 28 U.S.C. 1746, inaruhusu tamko la maandishi lenye tarehe na saini chini ya adhabu ya kusema uongo, bila notari. Anayelisaini akiwa Dar aongeze kwamba anatamka hivyo chini ya sheria za Marekani.

Sasa huyo wa WhatsApp. Biashara yake inasimama juu ya dhana moja ambayo watu wetu wamekuja nayo. Tanzania na Kenya, anayegonga muhuri wa aina hiyo ni wakili, kwa hiyo mtu akiona muhuri anaona mwanasheria. Marekani notari si lazima awe amesoma sheria hata siku moja. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba aliye mbele yake ndiye mwenye jina, kuapisha, na kushuhudia saini. Hathibitishi ukweli wa yaliyoandikwa, na kama si wakili haruhusiwi kukushauri ujaze fomu gani. Texas inamtaka notari anayejitangaza kwa lugha isiyo Kiingereza aandike wazi kwamba si wakili na haruhusiwi kutoa ushauri wa sheria. Ada yake ya muhuri ni dola 10 kwa saini ya kwanza. Anayekutoza 600 anakuuzia kitu kingine, na anayegonga bila kukutambua amevunja sheria ya cheo alichopewa, kama kweli anacho.

Fomu tupu uliyoisaini ni hatari kubwa kuliko pesa utakazopoteza. Watu hawa huacha wazi sehemu ya mwandaaji wa fomu, hivyo uongo wowote watakaoandika unabaki na saini yako peke yako. Wapo wanaopeleka ombi la hifadhi, I-589, kwa mteja asiyejua hilo ni ombi gani, ili apate kibali cha kazi haraka na wao waonekane mafundi. Ombi likikataliwa, asiye na hadhi halali anajikuta mahakamani akikabiliwa na kuondolewa nchini. Na uongo kwenye jambo la msingi unaweza kukufungia milango ya uhamiaji maisha yako yote, hata ukisema hukuujua.

Wanaoruhusiwa kukushauri na kukuwakilisha ni mawakili, au wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani wanaofanya kazi kwenye mashirika yasiyo ya faida. Orodha ya wawakilishi hao iko kwenye tovuti ya EOIR, ofisi ya wizara hiyo inayosimamia mahakama za uhamiaji. Wakili wa Texas mtafute kwa jina kwenye tovuti ya State Bar of Texas, chama cha mawakili wa jimbo. Atakayekubali kukuwakilisha atasaini G-28, fomu ya kujitambulisha kama mwakilishi wako. Asiyetaka kuisaini, ondoka na karatasi zako. Ukitaka kujaza mwenyewe, fomu ni bure kwenye uscis.gov, ada ya I-130 iliyowekwa Aprili 2024 ni dola 625 mtandaoni na 675 kwa karatasi, na inakwenda USCIS moja kwa moja.

Kama umeshampa chochote, dai leo vyeti vyako na nakala ya kila ukurasa uliousaini. Akisema ameshatuma, mwombe stakabadhi ya I-797C yenye namba ya herufi tatu na tarakimu kumi, uiingize mwenyewe kwenye uscis.gov na usome fomu iliyopokelewa ni ipi. Ikiwa siyo I-130, tafuta wakili kabla hujasaini kitu kingine chochote.