Maswali na Majibu: Kusafisha Sura Bila Kumpoteza Mwenye Picha

Swali: Kila ninapomsafisha bibi harusi chunusi kwenye kompyuta, ngozi yake inatoka laini kama ya mwanasesere. Nakosea wapi?

Inaelekea unatumia ukungu (blur) juu ya uso mzima, au kile kitufe cha kulainisha ngozi kilichomo katika programu nyingi za simu. Ukungu haubagui: unapofuta chunusi unafuta pia vitundu na vinyweleo, ambavyo ndivyo hulifanya jicho liamini kwamba linatazama ngozi.

Chunusi huondolewa moja moja. Katika GIMP, programu ya kuhariri picha isiyo na malipo, fungua tabaka (layer) jipya tupu juu ya picha, chagua zana iitwayo Heal, washa Sample merged ili isome picha iliyo chini, kisha shikilia Ctrl na ubofye ngozi safi iliyo jirani kabisa na kasoro. Brashi iwe kubwa kidogo tu kuliko chunusi yenyewe. Anayetumia Photoshop atachukua Healing Brush na kushikilia Alt. Kwa kuwa marekebisho yamekaa katika tabaka lake, ukiona umezidisha unapunguza nguvu (opacity) ya tabaka hilo bila kuigusa picha ya asili. Ndiyo maana mikunjo na weusi wa chini ya macho huwekewa tabaka la pekee, kwa sababu hivyo hupunguzwa tu. Uso wa mtu mzima usio na mkunjo hata mmoja humtia mtazamaji wasiwasi hata kama hajui kwa nini.

Kovu la utotoni na alama ya kuzaliwa visifutwe mpaka mwenyewe aombe. Mwanya usiuguse kabisa: kuna wanaoutamani.

Swali: Wateja wangu weusi wanakuwa kijivu ninapoongeza mwanga. Nifanyeje? Na anayetaka awe mweupe?

Kipima mwanga cha kamera hulenga wastani wa kijivu, kwa hiyo shela nyeupe ikijaza fremu, kamera hupunguza mwanga na uso huingia gizani. Ukiinua vivuli vyote kwa pamoja ili kuuokoa, weusi halisi wa nywele na nyusi nao hupanda, rangi hupauka, na hapo ndipo ule ujivujivu unapotokea. Tumia Curves, zana ya kurekebisha mwanga kwa kuvuta mstari, uinue sehemu ya kati ya mstari huku ncha ya chini ukiiacha palepale, na athari yake uifunge kwenye uso peke yake kwa barakoa (mask) yenye kingo laini. Rangi ya uso ikiwa bado imeelekea ubuluu, ongeza wekundu na unjano kidogo. Mng'ao wa paji la uso na mashavu upunguze bila kuumaliza, kwani kwenye ngozi nyeusi ndio unaochora umbo la uso.

Anayetaka weupe mwoneshe kwanza picha iliyosawazishwa vizuri. Mara nyingi alichokuwa akikilalamikia ni giza la picha, si rangi yake.

Swali: Je, naweza kusafisha picha ya mtu anayeomba viza ya Marekani?

Hapana. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani haitaki picha iliyobadilishwa kwa programu ya kompyuta, vichujio vya simu wala akili mnemba. Miwani nayo hairuhusiwi tangu Novemba 2016, na picha iwe imepigwa ndani ya miezi 6 iliyopita. Ukuta wa nyuma ukiwa na kivuli, msogeze mteja mbele ya ukuta na umpige upya.

Swali: Picha niliyoirekebisha mara kadhaa imeanza kuwa na vimraba karibu na nywele. Ni kirusi?

Si kirusi. Faili ya JPEG hutupa sehemu ya taarifa kila unapoihariri na kuihifadhi upya. Hifadhi kazi kwa XCF katika GIMP au PSD katika Photoshop, ambazo hutunza pia matabaka, kisha toa JPEG mara moja tu, mteja akishakubali.