Baba ana mstari ubavuni, mtoto ana malengelenge mwili mzima

SWALI: Shikamoo daktari. Mtoto wetu ana miezi minne. Alizaliwa na ngozi nyekundu inayotoka malengelenge, na nikimbeba mgongoni kwa kanga inachubuka. Ukweni wanasema ugonjwa umetoka kwetu. Mume wangu ana mstari wa magamba ya kahawia ubavuni tangu utotoni, ila haumsumbui. Je, vinahusiana? Mama wa Igoma, Mwanza.

JIBU: Marahaba, mama. Inawezekana kabisa, na mimi ningeanza na huo mstari.

Mume wako akiwa bado mimba changa, huenda jeni moja iliharibika ndani ya seli moja tu. Seli zote zilizotokana na hiyo zikabeba hitilafu, nyingine zikabaki salama. Hali hii huitwa mozaiki. Seli za ngozi husambaa kwa kufuata njia maalumu, ambazo daktari Mjerumani Alfred Blaschko alizichora mwaka 1901. Ndiyo maana hitilafu hujitokeza kama mstari. Jeni zinazoshukiwa hapa ni KRT1 na KRT10, zinazotengeneza keratini, protini inayoipa seli ya ngozi uimara. Keratini ikiwa mbovu, msuguano mdogo tu hupasua seli na maji hujaa.

Hitilafu ikiwa imefika hadi kwenye seli zinazozalisha mbegu za kiume, mtoto anayeirithi huwa nayo katika kila seli, hivyo huugua mwili mzima. Watafiti wa Marekani walionyesha hilo mwaka 1994 kwa familia za namna hii. Ikithibitika kwenu, ugonjwa haukutoka kwa wazazi wako wala kwa wazazi wa mume. Ulianza kwake tumboni, bila kosa la mtu yeyote. Waambie hivyo ukweni, tena mume ndiye aseme.

Nendeni wote watatu kwa daktari wa ngozi Bugando. Mume avue shati, mstari uonekane, na kipande kidogo cha ngozi kichukuliwe hapo hapo penye magamba. Damu peke yake inaweza kuonyesha hana tatizo. Ni muhimu kabla ya mimba nyingine, maana uwezekano wa mtoto kurithi unaweza kufika nusu.

Kwa sasa usimfunge mgongoni. Mbebe mikononi juu ya kitambaa laini cha pamba. Lengelenge kubwa litoboe kwa sindano safi ya hospitali, maji yatoke, ila ngozi ya juu usiibandue. Paka mafuta ya mgando, usibandike plasta. Akipata homa, usaha au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.